Picha Isijenge Gati Lisilokuwepo

Mpigapicha anayesimama jioni ufukweni Mwanza, akilielekea Jiwe la Bismarck na jua linalotua, hupatwa na taabu ya siku zote. Akiufuata mwanga wa anga, nyuso za watu huwa nyeusi. Akizifuata nyuso, anga hupotea kwa weupe. Siku hizi hupiga picha mbili, kisha katika kompyuta huilaza moja juu ya nyingine. Ile ya juu huivika kifuniko: palipopakwa nyeusi hufichika, palipo peupe huonekana, na palipo kijivu huonekana nusu, hata mipaka ikachanganyika na jicho lisione mshono.

Ufundi huu si haramu. Katika vyumba vya giza, mafundi wa zamani waliukinga mwanga kwa kadibodi au kwa kiganja. Programu ya Photoshop ilipopewa matabaka mwaka 1994, kazi ile ilipata nyenzo mpya. Ukweli haukupungua.

Lakini kinachofunika kivuli huweza pia kufunika haki. Nikolai Yezhov, aliyepigwa picha akiwa kando ya Stalin, alifutwa pichani baada ya kuuawa mwaka 1940. Mwaka 1982 jarida la National Geographic lilizisogeza piramidi za Giza ili zienee katika jalada.

Jambo hili latuhusu sana sisi wa ziwani. Ukerewe na Ukara ni visiwa. Afisa asiyevuka maji hutegemea picha zilizomo katika taarifa. Picha ikichezewa, gati lililoishia nusu hukamilika mezani, na umati uliojaa kivukoni hupungua, ilhali mwananchi angali akishuka majini na mgonjwa mgongoni. Tusisahau tarehe 20 Septemba 2018: kivuko MV Nyerere, kilichoruhusiwa kubeba watu 101, kilipinduka karibu na Ukara kikiwa kimejaa kupita kiasi, na watu zaidi ya 200 wakafa. Kwetu sisi, idadi ya watu chomboni ni suala la uhai.

Basi picha ya arusi ipambwe apendavyo mwenyewe. Picha ya taarifa ya serikali iambatane na ile ya asili, isiyoguswa, pamoja na tarehe yake. Na kiongozi, kabla ya kutia saini, avuke maji. Wahenga walisema kusikia si kuona. Nasi twaongeza kwamba kuona picha si kufika.