Vifaa viwili katika dirisha moja: nani alipata, nani alipoteza

MWEZI Machi 2011 kampuni ya Apple ya Marekani iliingiza sokoni toleo la nne la Xcode, kifaa ambacho mafundi hukitumia kutengeneza programu za kompyuta za Macintosh na simu za iPhone. Kwa fundi ambaye hakuwa mwanachama wa mpango wake wa watengenezaji, bei ilikuwa Dola 4.99 za Marekani. Kwa fedha hiyo mnunuzi alipata vifaa viwili vilivyounganishwa kuwa kimoja. Cha pili ni Interface Builder, ambacho tangu mwaka 1986 kilikuwa programu inayojitegemea, yenye dirisha lake na wateja wake.

Mtumiaji wa kawaida wa simu hakuona tofauti yoyote. Lakini katika soko la vifaa vya programu muungano huo uliwapunguzia mafundi gharama, ukamwongezea nguvu mwenye jukwaa, na ukawaacha wafanyabiashara wadogo nje ya mlango.

KAZI YENYEWE

Programu ya kompyuta ina sehemu mbili. Ya kwanza ni ile inayoonekana kwenye kioo: vitufe, visanduku vya kuandikia, orodha. Ya pili ni maelekezo yanayoiambia kompyuta ifanye nini kitufe kinapobonyezwa. Zamani fundi alilazimika kuandika yote kwa mkono, hata mahali kitufe kitakapokaa.

Interface Builder ilibadili utaratibu huo. Fundi huchukua kitufe kutoka kwenye ghala la vipande, akakiweka anapotaka kwa kipanya, kisha akachora mstari wa kukiunganisha na maelekezo yake.

Aliyebuni kifaa hicho ni Mfaransa Jean-Marie Hullot, na mwaka 1986 kampuni ya ExperTelligence ilianza kukiuza kwa wenye Macintosh. Steve Jobs, aliyekuwa ameondoka Apple mwaka 1985 na kuanzisha kampuni ya NeXT, akamwajiri Hullot. Kompyuta ya NeXT ilipoonyeshwa hadharani mwaka 1988, kwa bei ya Dola 6,500, Interface Builder ilikuwa moja ya vivutio vyake vikubwa. Mwaka 1990 Tim Berners-Lee, akiwa katika maabara ya CERN kule Uswisi, aliitumia kompyuta hiyo hiyo kuandika programu ya kwanza ya kusomea kurasa za intaneti.

Hata hivyo mashine za NeXT hazikuuzika vya kutosha, na mwaka 1993 kampuni iliacha kuzitengeneza ikabaki na programu. Desemba 1996 Apple ilitangaza kuinunua kwa kiasi kinachozidi Dola milioni 400. Kilichonunuliwa hasa ni mfumo wa kuendeshea kompyuta na vifaa vyake, Interface Builder ikiwa miongoni mwao.

GHARAMA YA MEZA MBILI

Kwa miaka mingi fundi wa Apple alifanya kazi kama fundi cherehani anayekatia kitambaa chumba kimoja na kushona chumba kingine. Maelekezo aliyaandika katika Project Builder, na kuanzia mwaka 2003 katika Xcode. Sura ya programu aliichora katika Interface Builder.

Kuunganisha kitufe kimoja kulihitaji safari kadhaa. Kwanza aandike jina la kitufe katika maelekezo na kuhifadhi faili. Kisha ahamie programu ya pili, achore mstari, ahifadhi tena, na kurudi alikotoka. Akibadili jina upande mmoja na kusahau upande wa pili, kosa halikuonekana pale pale. Lilijitokeza programu inapoendeshwa, ikasimama ghafla dirisha husika linapofunguliwa. Mara nyingine aliyekutana nalo kwanza ni mteja.

Toleo la nne liliondoa safari hizo. Mchoro ulikaa upande mmoja wa dirisha na maelekezo upande wa pili. Fundi alivuta mstari kutoka kwenye kitufe hadi kwenye maelekezo, na kifaa chenyewe kikaandika sentensi iliyohitajika. Kwa kampuni ndogo inayolipa mafundi wawili au watatu, kila saa iliyookolewa hapo ni fedha.

Hasara nazo zilikuwepo. Dirisha moja lenye kila kitu lilihitaji kioo kipana na kompyuta yenye kumbukumbu kubwa. Mchoraji asiyejua kuandika maelekezo, ambaye zamani alifungua Interface Builder peke yake, sasa alilazimika kufungua karakana nzima ili asogeze kitufe kimoja.

WALIOKUWA NA VIBANDA NDANI

Pigo kubwa zaidi liliwaangukia wengine. Tangu enzi za NeXT, mafundi wa nje waliweza kutengeneza vipande vyao wenyewe, kwa mfano jedwali la namna fulani au kitufe chenye umbo maalumu, na kuviingiza katika ghala la Interface Builder. Mwaka 2007 Apple iliuboresha utaratibu huo ilipotoa toleo la tatu la kifaa hicho. Mnunuzi wa kipande alikiona kikiwa kamili ndani ya ghala, sawa na vile vya Apple yenyewe.

Vifaa vilipounganishwa mwaka 2011, mlango huo ukafungwa. Xcode 4 haikupokea nyongeza za Interface Builder. Aliyekuwa na kipande chake bado aliweza kukitumia, lakini kwa kuweka sanduku tupu na kuandika jina la kipande ndani yake, bila kuona sura yake hadi programu iendeshwe. Bidhaa iliyovutia kwa kuonekana ikawa haionekani tena. Miaka mitatu ilipita kabla Apple haijarudisha sehemu ya uwezo huo katika Xcode 6, mwaka 2014, na kwa utaratibu tofauti na wa awali.

Microsoft ilianza kwa njia nyingine. Visual Basic ya mwaka 1991 iliweka uchoraji na uandishi katika programu moja tangu siku ya kwanza, na mlango wa nyongeza ukaachwa wazi. Kampuni nyingi ndogo zikajenga biashara ya kuuza vipande, vikiwemo majedwali, kalenda na grafu. Hata huko mwenye jukwaa ndiye aliyeshika ufunguo. Toleo la mwaka 1995 lilipoleta aina mpya ya vipande, wauzaji walilazimika kuviandika upya vya zamani. Toleo la sita, la mwaka 1998, likawa la mwisho la ukoo huo kabla Microsoft haijahamia jukwaa jipya mwaka 2002.

WAUZAJI WA VIFAA VYENYEWE

Borland iliwahi kupata faida kubwa kutokana na kuunganisha. Turbo Pascal, iliyotoka mwaka 1983, iliweka mahali pa kuandikia na kitafsiri cha maelekezo katika programu moja kwa Dola 49.95, wakati ambapo washindani walitoza mamia ya Dola. Lakini vifaa vilipogeuka kuwa zawadi ya wenye majukwaa, aliyeishi kwa kuviuza alibanwa. Mwaka 2008 Borland iliuza kitengo chake cha vifaa kwa Embarcadero kwa Dola milioni 20 na ushee.

CodeWarrior ya Metrowerks nayo ilikuwa chaguo la mafundi wengi wa Macintosh katika miaka ya 1990, na Motorola iliinunua kampuni hiyo mwaka 1999. Apple ilipoanza kugawa Xcode bure mwaka 2003, muuzaji huyo alijikuta akishindana na bidhaa isiyo na bei. Mwaka 2005 uamuzi ukatangazwa wa kuacha kutengeneza CodeWarrior kwa ajili ya Macintosh.

HESABU YA MWENYE JUKWAA

Apple haikuihitaji ile Dola 4.99, na katika mwaka huo huo wa 2011 iliifuta. Fedha yake ilitoka kwingine. Duka lake la programu za simu, lililofunguliwa Julai 2008, lilianza kwa kukata asilimia 30 ya kila programu iliyouzwa, na uanachama wa mtengenezaji ulikuwa Dola 99 kwa mwaka. Kila programu mpya ilikuwa pia sababu moja zaidi ya mtu kununua simu. Kwa hesabu hiyo, kumrahisishia fundi kazi ni sawa na mwenye mashine ya kukoboa kugawa magunia bure: faida yake iko kwenye mpunga.

Google ilipita njia hiyo hiyo. Mafundi wa Android walikuwa wakitumia Eclipse pamoja na nyongeza yake hadi Android Studio ilipotangazwa mwaka 2013, ikiwa imejengwa juu ya kazi ya kampuni ya JetBrains, na toleo lake la kwanza kamili likatoka Desemba 2014. Uchoraji na uandishi viko katika dirisha moja, na bei yake ni bure. Katika Afrika Mashariki, ambako simu nyingi ni za Android, kijana mwenye kompyuta ya kutosha anaweza kuanza kazi bila kununua kifaa hata kimoja.

Hiyo ni nafuu ya kweli. Lakini mwekezaji anayeombwa mtaji na kampuni inayouza nyongeza ndani ya kifaa cha mwingine hana budi kuuliza maswali matatu kabla ya kutoa fedha yake. Je, mwenye jukwaa anaweza kuigawa bidhaa hiyo bure kesho? Akifunga mlango wa nyongeza, kampuni itabaki na wateja gani? Na je, ina akiba ya kuiandika bidhaa yake upya jukwaa likibadilika? Kama majibu hayapo, kampuni hiyo ni mpangaji asiye na mkataba, hata kama kibanda chake leo kimejaa wateja.