Nyangumi wa Kusi na Kijana wa Riruta

Huku Riruta, bwana, bahari ni jambo la kusimuliwa. Samaki anayekaangwa jioni kando ya Naivasha Road ni ngege wa Ziwa Viktoria, omena hupimwa kwa mkebe, na mtu akitaja mawimbi watu hudhani anazungumzia redio. Kwa hivyo nilipomwambia kinyozi wangu kwamba mwezi wa Agosti nitashuka Watamu pamoja na mpwa wangu kwenda kuwatazama nyangumi, aliizima mashine nusu ya kichwa ikiwa bado, akaniuliza, "Mzee, na akiwameza?"

Palikuwa na mama mmoja wa Kilamu aliyemleta mjukuu wake kunyolewa. Yeye ndiye aliyenijibia: "Hamezi kila mtu, mwanangu. Alimmeza Nabii Yunus kwa amri."

Jibu hilo lilinipendeza. Qurani inamtaja Nabii Yunus kwa jina la Dhun-Nun, na neno lililotumika kwa aliyemmeza ni hut, samaki mkubwa, bila ya kutajwa kabila lake. Huyu anayepita kwetu huitwa nyangumi wa nundu, kwa jinsi anavyoukunja mgongo anapozama. Koo lake ni jembamba, na chakula chake ni vidagaa na viduvi mfano wa kamba wadogo. Lakini muujiza ni muujiza, wala haupimwi kwa upana wa koo.

Sasa nimweleze huyo mpwa wangu. Amezaliwa na kulelewa hapa hapa Riruta. Babu yake alikuwa baharia wa majahazi, na huyu mjukuu kuogelea amejifunza katika bwawa la hoteli, kwa kulipia saa. Alikuwa ameona katika simu picha za watu wa Tonga, huko Bahari ya Pasifiki, ambako wageni hulipa wakateremshwa majini kuogelea ubavuni mwa nyangumi, biashara yenye leseni za serikali. Akaweka akiba miezi kadha. "Mjomba," aliniambia, "mimi sitaki kutazama tu. Nataka kuruka ndani." Dada yangu naye aliniita kando akasema, nenda naye, pengine atarudi anaijua asili yake. Mzigo huo ndio uliokuwa mzito, si mikoba tuliyopanda nayo gari la moshi.

AMBARI NA ANBAR

Watu wa pwani si wageni wa nyangumi. Al-Masudi, aliyesafiri katika bahari yetu mwanzoni mwa karne ya 10, aliisifu ambari ya pwani ya Zanji kuwa bora kuliko zote. Ambari hutoka tumboni mwa nyangumi wa aina nyingine, yule mwenye meno anayekula pweza na ngisi. Huelea, hutupwa ufukweni, na aliyeiokota hakuhitaji tena kuvua mwaka ule.

Na wako waliosoma habari za Jeshi la Khabat, watu 300 waliotumwa pwani chini ya Abu Ubayda bin al-Jarrah, radhi za Mungu zimshukie. Chakula kiliwaishia hata wakafika kugawana tende moja moja na kula majani ya miti. Bahari ikawatupia mnyama aitwaye Anbar, mkubwa kama kilima. Riwaya zinahitilafiana siku walizomla, lakini zinaeleza jinsi ubavu wake ulivyosimamishwa na ngamia akapita chini yake. Nilimsimulia mpwa wangu hadithi hii njiani, mahali fulani baada ya Voi, akaitoa ile mashine masikioni. Nikajua tumeanza.

BAHARINI

Nyangumi wa nundu huonekana Kenya kuanzia Julai mpaka Oktoba hivi, wakitoka maji ya barafu ya kusini mwa dunia, maelfu ya kilomita, kuja kuzaa na kupandana katika maji ya joto. Yaani hupanda na kusi, kama majahazi yaliyokuwa yakirudi Arabuni. Na kusi ni kusi. Mara tulipopita mwamba wa Watamu, ambako bustani ya bahari imelindwa tangu 1968, mashua ilianza kupanda na kushuka hata abiria wawili wakatoa chai yote ya asubuhi. Mpwa wangu hakutapika, ila aliacha kuzungumza.

Baada ya saa mbili nahodha alinyosha kidole. Kwanza tuliona moshi, nao si moshi, ni pumzi. Kisha mgongo mweusi, ukapita kama ukuta unaotembea, na pembeni yake mgongo mdogo. Jike na mtoto wake. Nyangumi wa nundu aliyepevuka hufika mita 12 hata 16, na uzito wa tani 30 si ajabu kwake. Huyo mtoto, siku anapozaliwa tu, anakaribia urefu wa matatu ya abiria 14. Kwa hesabu ya Riruta, mama ni matatu tatu zilizopangana.

Kijana alikwisha vua shati. Nahodha akazima mashine, tukiwa mbali nao zaidi ya mita mia, akamwambia, "Vaa shati, mwanangu."

"Lakini mimi naweza kuogelea, baba."

"Najua waweza. Huyu ni mzazi, yuko ndani ya arobaini. Wewe wamwendea na chupi?"

Watu walicheka, yeye hakucheka. Nilimtazama usoni nikaona hasira ya mtu aliyenyimwa kitu alichokilipia. Nahodha hakumgombeza. Alimweleza kwamba jike yule tangu aache maji ya kusini huenda hajala kitu cha maana. Amefunga miezi, bila ya daku wala futari, na mtoto ananyonya maziwa mazito yenye mafuta mengi, mafuta yanayotoka mwilini mwa mama. Kila mara anapokimbia mashua au watu, anachoma akiba ya mtoto.

Mimi naafikiana na nahodha, na sababu yangu naipata Kizimkazi, Unguja, mji wenye msikiti ulioandikwa mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Pomboo wa pale walikuwa wakivuliwa kufanywa chambo cha papa, mpaka miaka ya 1990 utalii ukaonyesha kwamba pomboo hai ana faida zaidi. Hilo ni jema. Lakini nilipofika huko niliona mashua zimelizunguka kundi moja, wageni wanarukia juu ya vichwa vyao, na pomboo wakizama, mashua zinafukuza. Wataalamu waliowachunguza waliona majike yenye watoto yakibadili mwenendo mashua zinapozidi, na mapumziko kupungua. Huko si kuogelea pamoja na mnyama. Ni kumkimbiza.

Tena nyangumi hawa wamekwisha kimbizwa vya kutosha. Merikebu za Marekani za kuwinda nyangumi zilikuwa zikitia nanga Unguja zama za Sayyid Said, na katika karne ya 20 meli za chuma ziliua nyangumi wa nundu zaidi ya laki mbili nusu ya kusini ya dunia. Visiwa vya Shelisheli, jirani zetu wadogo, ndivyo vilivyopeleka shauri, na mwaka 1979 Bahari ya Hindi ikatangazwa kuwa hifadhi ya nyangumi. Ni jambo la fahari ambalo sisi hatulisemi.

Tulikaa pale, mashine kimya, kiasi cha nusu saa. Mtoto aliinua kichwa, akapiga maji kwa pezi lake jeupe, akarudia, kama mtoto yeyote anayechezea beseni. Mwishowe mama alikunja mgongo na mkia ukasimama wote juu ya maji, maji yakichuruzika. Mpwa wangu, aliyekuwa amekwisha vaa shati, alipiga picha.

Picha hiyo ikawa na kazi. Weusi na weupe wa chini ya mkia haufanani kwa nyangumi wawili, kama alama za vidole, na jumuiya ya Watamu Marine Association hukusanya habari kama hizo kwa manahodha na wavuvi. Nahodha aliiomba, akaandika daftarini saa na mahali, mkubwa mmoja, mdogo mmoja. Tulipokuwa tunarudi kijana alikwenda kuketi nyuma kwenye usukani, wakazungumza muda mrefu. Nilisikia akiuliza kama mwakani atahitajika baharia wa kusaidia.

Nahodha alimtazama viganja.

"Njoo na kaskazi kwanza," alimwambia, "bahari ikiwa shwari. Kusi si ya kujifunzia."