Kabla ya Kulipia Pug, Msikilize Anavyopumua

Umeona picha kwenye simu: mbwa mdogo, uso umekunjamana, macho makubwa kama anakuomba umchukue. Watoto wameshampa jina. Muuzaji anasema wamebaki wawili tu, tuma nusu ya bei leo akuwekee mmoja. Ngoja kidogo kabla ya kuweka PIN.

Uzuri wake ndio shida yake

Pug ni mpole, anapenda watu, na akikomaa huwa na kilo 6 hadi 8 hivi. Hahitaji uwanja mkubwa, ingawa ukiwa mpangaji, muulize mwenye nyumba kwanza.

Lakini ule uso bapa una gharama. Mbwa hujipoza kwa kuhema, na pug ana pua fupi na njia nyembamba ya hewa. Jua la mchana la Mombasa au Garissa linaweza kumzidi haraka, hata kumuua. Mtembeze asubuhi na mapema au jioni, na umfunge mkanda wa kifuani badala ya kola ya shingoni. Usimwache ndani ya gari hata dakika chache.

Macho yake yaliyojitokeza huumia kirahisi. Mikunjo ya uso inahitaji kusafishwa na kukaushwa, la sivyo huota vidonda. Na anapenda kula; akinenepa, kupumua kunakuwa kazi zaidi.

Bei ya kununua ni mwanzo tu

Pug anaweza kuishi miaka 12 au zaidi. Kuna chakula, dawa za minyoo na viroboto, na chanjo, ikiwemo ya kichaa cha mbwa. Wengine huhitaji upasuaji wa pua au koo ili wapumue vizuri.

Jaribu hivi: miezi mitatu kabla ya kununua, weka akiba shilingi 50 kila siku. Hiyo ni 1,500 kwa mwezi, 18,000 kwa mwaka. Kama hata hiyo inakushinda, mbwa atakushinda pia. Kama unaiweza, tayari una mfuko wa kuanzia siku akiugua.

Ona kwanza, lipa baadaye

Matapeli wa watoto wa mbwa wana mtindo mmoja. Unatuma malipo ya kwanza, kisha kunazuka pesa ya usafiri, halafu ya chanjo, kila moja ikiwa ya haraka. Mwishowe simu haishikwi, na mbwa hakuwahi kuwepo.

Kwa hivyo:

- Nenda umwone mtoto akiwa na mama yake, na awe ametimiza angalau wiki nane.
- Mwache acheze dakika chache, kisha sikiliza. Kukoroma akiwa macho si mapambo. Tafuta mwenye matundu ya pua yaliyo wazi.
- Omba kadi ya chanjo iliyotiwa sahihi na daktari wa mifugo, kisha mpigie daktari huyo uhakikishe.
- Unapolipa, soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Kama si la muuzaji, simama hapo.
- Hifadhi ujumbe wa malipo. Ukishuku umetapeliwa, piga huduma kwa wateja papo hapo. Pesa ikishatolewa, kuirudisha ni vigumu.

Muuzaji wa kweli atakungoja uje umwone mbwa. Anayekuharakisha, mwache aende zake.