Chai Isubiri Kidogo

Ukikaribishwa nyumbani kwa mtu hapa Kenyenya, Kisii, hukai sana kabla kikombe hakijafika: chai ya maziwa iliyokolea, na viazi vitamu au ndizi za kuchemsha kando. Chai ndiyo inayotulipia karo. Tunaichuma asubuhi na mapema, tunaibeba hadi kituo cha kununulia, lori linaipeleka kiwandani, na bonasi ikitoka soko zima linajua. Ndiyo maana watu hunikodolea macho ninapowaambia, mimi mhudumu wa afya ya jamii niliyezaliwa papa hapa, wasiinywe pamoja na chakula.

Katika mkoba wangu mna utepe wa rangi tatu wa kupimia mkono wa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, na hapo hatungoji, ni hospitali. Kati ya 11.5 na 12.5 ni manjano. Kuanzia hapo kwenda juu ni kijani, na mama hutabasamu. Kwetu mvua si ya kutafuta na migomba imejaa, kwa hiyo kijani ndiyo ninayoiona zaidi. Lakini shusha kope ya chini ya jicho la mtoto huyo huyo, utazame ndani. Mara nyingine, palipotakiwa wekundu unakuta weupe, na viganja navyo vimepauka. Mtoto ameshiba, ila damu hana.

Damu hupunguzwa na mengi: malaria, minyoo, uzazi wa kufuatana. Hayo yana dawa zake na kliniki zake. Mimi hapa nasema la jikoni. Mwili hutengeneza damu kwa madini ya chuma, na madini hayo hayaingii mwilini kwa njia moja. Yaliyomo katika nyama, maini na samaki huingia kwa urahisi. Yaliyomo katika mboga, maharagwe na wimbi huingia kwa shida, na mengi hutegemea umeyala na nini. Kwa kuwa nyama kwa wengi wetu ni ya Krismasi, harusi na matanga, tunaishi kwa hayo ya pili.

Hapo ndipo chai inapotuharibia. Chai ina tanini, ile inayokausha ulimi. Tanini hushikamana na madini ya chuma tumboni, yakashindwa kufyonzwa, yakapita hadi chooni. Mwaka 1999 Richard Hurrell na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba chai nyeusi ikinywewa pamoja na mkate ilipunguza madini ya chuma yanayofyonzwa kwa asilimia 79 hadi 94. Maziwa yalipoongezwa, hali haikubadilika sana. Kwa hiyo wanaoniuliza, "Na ya maziwa je?", jibu ni lile lile.

Mama mmoja mjamzito alinionyesha tembe za damu alizopewa kliniki, zile za madini ya chuma na asidi ya foliki. Hakuwa ameruka hata siku moja.

"Unazimeza na nini?"

"Na chai ya asubuhi, daktari. Ndiyo inaondoa ile ladha ya msumari."

Nikamshauri azimeze usiku kwa maji, na akipata kipande cha chungwa ni bora zaidi. Mama mkwe wake, aliyekuwa akichambua mboga ya chinsaga mlangoni, akadakia: "Kwani sisi tulizaa vipi?"

"Magokoro (nyanya), ulipojifungua ulipewa nini?"

"Chinsaga. Na uji wa wimbi uliochachuka."

"Na chai?"

Akacheka. "Sukari ya kila siku ingetoka wapi? Chai ilikuwa ya wageni."

Jiko lake lilikuwa na akili nyingi. Chinsaga, managu na mchicha vina madini ya chuma na kalsiamu nyingi zaidi kuliko kabichi. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia ametumia miaka mingi kuzitafiti na kuzitetea mboga hizi ambazo wengi waliziona magugu. Wimbi lina kalsiamu zaidi ya mara kumi ya mahindi. Lina pia fitati, nazo hung'ang'ania madini, lakini unga ukichachuka fitati hizo hupungua. Uchachu ule haukuwa wa ladha tu.

Tunapopoteza ni kwenye sufuria. Chinsaga ni chungu, basi tunaichemsha, tunamwaga maji, tunaichemsha tena. Vitamini C, ambayo husaidia madini ya chuma kuingia mwilini, huondoka na maji hayo na nyingine huuawa na moto. Simwambii mtu ale uchungu. Tia maziwa kama tulivyozoea. Vitamini C itafute kwingine: pera, papai, chungwa baada ya kula, au ndimu juu ya mboga. Mapera yanaozea chini ya mti huku tukichemsha chai. Omena kidogo kwenye mboga nayo husaidia madini ya mboga yaingie.

Mtoto wa chini ya miaka miwili chai haimfai kabisa; akishatimiza miezi sita, mpe uji. Sisi wengine tuiweke mbali na chakula kwa saa moja hivi. Najua asubuhi ni vigumu, maana kwa wengi chai na viazi ndiyo kiamsha kinywa chenyewe. Basi kama huwezi kubadili yote, linda mlo mmoja, ule wa jioni wenye mboga na maharagwe, kwa kuwa ndio wenye madini ya kupotezwa. Jioni chupa ya chai isifunguliwe mpaka vyombo vimeoshwa na watoto wamemaliza kazi ya shule.