Mafuta Yaliyo Ukutani mwa Bakteria: Utangulizi

Ikiwa umewahi kuona makohozi yakipimwa kifua kikuu kwa hadubini, basi somo hili umekwisha kulionja. Mtaalamu hupaka kioo rangi nyekundu, hukipasha moto, kisha hukiosha kwa asidi yenye alkoholi. Bakteria wengi hupoteza rangi hiyo; wa kifua kikuu hubaki wekundu. Kinachoizuia rangi isitoke ni mafuta yaliyo ukutani mwao.

Tuanze na msingi. Lipidi ni jina la jumla la mafuta, nta na jamii zake: vitu ambavyo kwa kawaida haviyeyuki katika maji. Ukuta wa seli ni gamba linalomzunguka bakteria. Katika Mycobacterium tuberculosis, ambaye Robert Koch alimtangaza mjini Berlin mwaka 1882, ukuta huo umesheheni asidi za maikoliki, yaani asidi za mafuta zenye mnyororo mrefu ajabu: kaboni 60 hadi 90, ilhali zile za mafuta ya kupikia huwa nazo 16 au 18 hivi. Dawa ya isoniazidi huua bakteria huyu kwa kuzuia asidi hizo zisitengenezwe.

Hapa ndipo wageni wengi hukwama: hudhani mafuta yote ya ukutani hutoka kwa mkupuo mmoja. Sivyo. Baadhi yamekaa huru. Mengine yamefungwa kikemia kwenye sukari za ukuta. Kila kundi lina njia yake.

Yaliyo huru hutolewa kwa viyeyushi, yaani vimiminika vinavyoyeyusha vitu vingine. Njia maarufu, iliyochapishwa na Jordi Folch na wenzake mwaka 1957, huchanganya klorofomu sehemu mbili na methanoli sehemu moja. Kwa nini viwili? Methanoli hulegeza lipidi zilizoshikamana na protini, na klorofomu huzibeba. Ukiongeza maji ya chumvi, mchanganyiko hujitenga matabaka mawili. Angalia sana: tumezoea mafuta kuelea, lakini klorofomu ni nzito kuliko maji, kwa hiyo lipidi zako ziko chini. Tumia chupa za kioo tu, kwani klorofomu huyeyusha viambato vya plastiki, navyo vitajitokeza kwenye majibu yako kana kwamba vimetoka kwa bakteria.

Mabaki ya bakteria usiyatupe! Humo ndimo zilimo asidi za maikoliki zilizofungwa. Yachemshe katika alkali kali ili kuvunja vifungo (kitendo hiki huitwa hidrolisisi), tia asidi, kisha zitoe kwa kiyeyushi.

Uchambuzi huanza na kromatografia ya tabaka jembamba. Tone la lipidi huwekwa kwenye bamba lililopakwa silika, na kiyeyushi kinapopanda huziacha aina mbalimbali mahali tofauti. Asidi za maikoliki za bakteria wa kifua kikuu huonyesha makundi matatu: alfa, methoksi na keto. Spektrometa ya masi, mashine inayopima uzito wa molekuli, hukueleza kila moja ina kaboni ngapi. Kwangu mimi bamba ndilo mwalimu bora, kwa sababu tofauti unaiona kwa macho.

Usianze na bakteria wa kifua kikuu. Huyo ni hatari, na hukua kwa majuma. Anza na Mycobacterium smegmatis, ambaye kwa kawaida hadhuru, hukua kwa siku chache, naye ana asidi za maikoliki. Na klorofomu usiifungue nje ya kabati la kufyonza hewa.