Mai Mahiu: mji unaokula kwa magari yaliyosimama

Lori likimaliza kuteremka kutoka Rironi, breki zimeshika moto na tumbo la dereva liko tupu. Hapo ndipo uchumi wa Mai Mahiu unapoanzia: lojingi, mafundi wa puncha, sheli, vibanda vya M-Pesa, na moshi wa nyama choma usiokatika usiku kucha. Mtaji mkubwa wa mji huu wa Kaunti ya Nakuru ni njia panda. Barabara moja yaenda Naivasha, Nakuru na Malaba. Nyingine yakata Suswa hadi Narok, ikipeleka watalii Maasai Mara.

Nyama hiyo inatoka kwa Wamaasai. Mfugaji hupeleka mbuzi sokoni Suswa, dalali akanunua, bucha ya kando ya lami ikauza kwa kilo. Kiangazi kikikaza, mfugaji huuza kwa bei yoyote kabla mnyama hajafa, ilhali sahani ya hotelini haishuki bei hata shilingi. Anayefuga huuza mnyama mzima, mara moja tu. Mwenye ploti kando ya lami huuza vipande kutwa. Na ploti zina historia. Mkataba wa 1904 uliwahamisha Wamaasai kutoka nyanda za Naivasha na Nakuru, walowezi wakapewa ardhi iliyo karibu na reli. Ule wa 1911 ukawatoa hata Laikipia walikopelekwa. Biashara ya njiani ikakua mikononi mwa wengine.

Reli ya pili, ile ya kisasa (SGR), ilifika Suswa Oktoba 2019. Mwaka 2020 serikali ikaagiza shehena ya nchi jirani ipande treni badala ya malori hadi bandari kavu ya Naivasha, na wenye malori wakapiga kelele. Mwaka 2022 serikali mpya ikarudisha Mombasa shughuli za kutoa mizigo bandarini. Wenye lojingi, nadhani, walilala usingizi mzuri.

Sasa kuna upanuzi wa barabara ya Rironi hadi Mau Summit, pamoja na tawi la Mai Mahiu, uliozinduliwa Novemba 2025. Itakuwa ya kulipia. Aliyelipia mwendo hana haraka ya kusimama, kwa hiyo swali la mfanyabiashara ni moja: magari yatachepukia wapi kuingia mjini? Kaunti ingedai mapema maegesho ya malori yenye mwanga na ulinzi, nayo Narok machinjio Suswa, ili mfugaji naye auze kwa kilo.