Sauti ya Mgeni Ndani ya Mchezo

Hapo zamani, mtoto wa Kitahana aliyetukanwa akicheza chandimu alimjua aliyemtukana. Alijua ni mtoto wa nani na nyumba yao iko upande gani wa kilima. Mtu mzima yeyote aliyepita njiani aliweza kuwaamua, na jioni shauri likawafikia wazazi.

Siku hizi sehemu ya michezo ya watoto imehamia kwenye simujanja, hata katika nyanda za juu za Kigoma. Mwaka 2022 umeme wa gridi ya taifa ulifika Kasulu baada ya miaka mingi ya jenereta za dizeli, na michezo kama Free Fire imetengenezwa iweze kuchezwa hata kwenye simu za bei nafuu. Katika mchezo huo, wachezaji hadi 50 hutua kisiwani na kupigana mpaka abaki mmoja au kikosi kimoja. Mtoto asiye na wenzake hupangiwa wageni wa kuunda nao kikosi cha watu wanne, na wote huweza kuzungumza kwa sauti. Huenda mgeni huyo ni mtoto wa mji wa mbali. Huenda ni mtu mzima. Mtoto akikosea anaweza kuporomoshewa matusi, au kuchekwa kwa lafudhi yake ya Kiha, huku baba ameketi hatua tatu kutoka alipo na hasikii lolote, kwa kuwa sauti imo masikioni mwa mtoto peke yake.

Utafiti wa UNICEF, ECPAT na INTERPOL uliotolewa mwaka 2022 ulionesha kuwa asilimia 67 ya watoto wa Tanzania wenye umri wa miaka 12 hadi 17 walikuwa wakitumia intaneti. Jambo hili, basi, si la watoto wachache wa mijini.

Maumivu yasiyo na jeraha

Watu wazima wengi hudhani kuwa tusi la mtu asiyeonekana halina uzito. Mwaka 2003 Naomi Eisenberger na wenzake wa Marekani walichapisha katika jarida la Science jaribio lililotumia mchezo mwepesi wa kurushiana mpira kwenye kompyuta. Mshiriki aliamini kuwa anacheza na watu wengine wawili. Baada ya muda wakaacha kumrushia mpira. Picha za ubongo zilionesha kuamka kwa sehemu ambayo hushiriki pia katika kuhisi adha ya maumivu ya mwili. Washiriki hao hawakuwa watoto, wala hawakutukanwa hata neno moja. Mtoto wa miaka 11 hupokea zaidi ya kunyimwa mpira, ilhali sehemu ya mbele ya ubongo wake, inayosaidia kutuliza hisia, bado inakua.

Mtoto huyo akifika zahanati, ni nadra kusema kuwa ametukanwa mtandaoni. Huletwa kwa sababu ya maumivu ya kichwa au tumbo, usingizi wa kushtukashtuka, hasira, kukojoa kitandani ilhali alikwisha kuacha, au kushuka kwa masomo. Dalili hizi zina visababishi vingi, malaria na minyoo ikiwamo, na lazima mtoto apimwe ipasavyo. Pamoja na vipimo, mhudumu aongeze swali moja kwa sauti ya upole: "Kwenye simu huwa unacheza na nani?"

Mgeni mkali na mgeni mpole

Mgeni mkali huumiza, lakini mara nyingi huondoka mchezo ukiisha. Wa kuhofiwa zaidi ni yule anayeweza kuja baada yake: anayemtetea mtoto, anayemsifu, anayemzawadia mavazi au silaha za mchezoni. Kisha humwomba wahamie kwenye mazungumzo ya faragha, amtumie picha, au amtajie namba ya siri ya pesa iliyo katika simu ya mzazi. Sharti lake kuu ni moja: mtoto asimwambie mtu. Utafiti uliotajwa hapo juu ulibaini kuwa asilimia 4 ya watoto wanaotumia intaneti nchini walikuwa wamefanyiwa ukatili au unyonyaji wa kingono mtandaoni katika kipindi cha mwaka mmoja.

Hapa ndipo wazazi wengi wenye nia njema hukosea. Mtoto akieleza yaliyompata, hugombezwa na kunyang'anywa simu moja kwa moja. Anachojifunza ni kwamba kusema ukweli kumemletea adhabu. Mara nyingine atapata simu ya kaka au ya rafiki, naye hatasema tena. Mzazi aliyedhani amefunga mlango amelinda, bila kujua, siri ya mgeni.

Yanayowezekana nyumbani

Mzazi amsikilize mtoto mpaka mwisho na amwambie waziwazi kuwa kosa si lake. Wakae pamoja, wazime mazungumzo ya sauti na wageni, wamzuie mtukanaji na kumripoti ndani ya mchezo. Kabla ya kufuta ujumbe wowote wenye vitisho, wapige picha ya skrini ili kuhifadhi ushahidi. Mtoto acheze sebuleni au uani, si chini ya shuka, na kikosi chake kiwe cha watoto anaofahamiana nao. Namba ya siri ya pesa ibaki kwa mzazi peke yake.

Pakiwa na vitisho au maombi ya picha za utupu, shauri lifikishwe kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au simu ya huduma kwa mtoto, namba 116, ipigwe. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 zinamlinda mtoto wa Kibondo sawa na wa Dar es Salaam.

Mzazi asiyejua kucheza michezo hii asione haya. Usiku wa leo anaweza kuketi kando ya mwanawe na kumwomba amwoneshe mchezo unavyochezwa, na ni akina nani waliomo ndani yake.